Meza za Madhabahu za Kale za China: Kuzichagua, Kuziweka na Kuzitunza Nyumbani

Meza ya madhabahu ya Kichina ni meza ndefu na nyembamba iliyotengenezwa ili iegemee ukuta na kubeba vyombo vya ibada ya nyumbani: chetezo, vinara vya mishumaa, vyombo vya maua, na vibao vyenye majina ya wazee waliotangulia. Nyingi zina kimo cha sentimita 85 hadi 95 na upana wa sentimita 35 hadi 50. Urefu wake huanzia kama mita moja na nusu na huweza kupita mita tatu. Vipimo hivyo vilitokana na kazi. Kimo kilimfaa mtu anayesimama na kuinama kwa heshima, wembamba uliacha nafasi ya watu kukusanyika mbele yake, na urefu uliujaza ukuta mkuu wa nyumba.

Leo meza hizi zinauzwa katika miji mingi ya dunia kama fanicha ya kale, na wengi wanaozinunua wanazitumia kwa mapambo tu. Anayeielewa kazi iliyozizaa huchagua vizuri zaidi, huziweka mahali panapofaa, na hujiepusha na matengenezo yanayoziharibu.

Mahali pake katika nyumba ya Kichina

Hadi enzi ya Tang (618–907) Wachina wengi walikaa kwenye mikeka na majukwaa ya chini, na meza zao zilikuwa fupi. Desturi ya kukalia viti ilienea taratibu, na kufikia enzi ya Song (960–1279) ilikwisha kuzoeleka, nazo meza zikapanda kimo kufuata viti. Umbo lililokomaa la meza ya madhabahu ni la enzi ya Ming (1368–1644). Liliendelea katika enzi yote ya Qing (1644–1912) na bado lilikuwa likitengenezwa karne ya 20 ilipoanza.

Nyumba ya jadi ya kaskazini ilijengwa kuzunguka ua, na ukumbi wake mkuu ulielekea kusini. Meza ndefu ilisimama katikati ya ukuta wa kaskazini, ikitazamana na mlango. Juu yake ilitundikwa picha ndefu ya kukunjwa au picha ya mababu. Mbele yake iliwekwa meza ya mraba ya kukalisha watu wanane, na kila ubavu wa meza hiyo ulikuwa na kiti kimoja. Hapo mkuu wa nyumba alimpokea mgeni, na kiti cha upande wa mashariki kilihesabiwa kuwa cha heshima zaidi. Siku za kawaida meza ya mraba ilitumika kwa chai na chakula. Siku za tambiko ilipokea sahani za sadaka, huku meza ndefu ikibaki na vyombo vyake vya kudumu.

Vyombo hivyo kwa kawaida vilikuwa vitano: chetezo katikati, vinara viwili pembeni mwake, na vyombo viwili vya maua kwenye ncha. Mpangilio huu ni wa zamani na ulitumika pia hekaluni. Vyombo viwili vya kauri ya buluu na nyeupe vilivyomo British Museum, vinavyojulikana kama David Vases, vina maandishi yanayoeleza kuwa vilitolewa hekaluni pamoja na chetezo mwaka 1351. Mtu akiona chombo kimoja cha aina hiyo kikiuzwa peke yake, yafaa akumbuke kwamba huenda kilikuwa na mwenzake.

Kitabu cha taratibu za familia kinachohusishwa na mwanafalsafa Zhu Xi (1130–1200) kiliweka utaratibu wa kuheshimu vizazi vinne vya mababu, na kwa karne nyingi familia ziliufuata kwa kadiri ya uwezo wao. Koo tajiri zilijenga jumba maalumu la mababu. Kaya za kawaida zilitumia ukumbi wa nyumba. Ubani ulichomwa tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, Mwaka Mpya, sikukuu ya Qingming mwanzoni mwa Aprili ambapo makaburi husafishwa, na tarehe 15 ya mwezi wa saba.

Kila jimbo lilikuwa na desturi zake. Katika Fujian na Taiwan madhabahu ya nyumbani huwa na meza mbili: ndefu iliyoinuka nyuma, na fupi ya mraba inayoweza kusukumwa chini ya ile ndefu. Sanamu za miungu kama Guanyin, Mazu au Guan Gong hukaa mahali pa heshima zaidi, na vibao vya mababu hukaa pembeni. Katika nyumba za wafanyabiashara wa Huizhou, mkoani Anhui, ilizoeleka kuweka saa katikati ya meza ndefu, chombo cha maua upande wa mashariki na kioo upande wa magharibi. Meza ya umbo hilohilo ilikuwamo pia katika vyumba vya kusomea vya wasomi, ikibeba vitabu, picha za kukunjwa na vyombo vya shaba. Kwa hiyo jina "meza ya madhabahu" linalotumiwa na wauzaji ni pana mno. Baadhi ya meza zinazouzwa kwa jina hilo hazikuwahi kubeba chetezo.

Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya mwaka 1966 hadi 1976 ibada za nyumbani zilipigwa vita. Vibao na sanamu vilichomwa, na meza nyingi zikavunjwa, zikakatwa, au zikageuzwa kuwa meza za jikoni na za karakana. Kuanzia miaka ya 1980 zilizosalia zilianza kununuliwa vijijini na kusafirishwa nje, nyingi kupitia Hong Kong na Macau. Historia hiyo inaeleza kwa nini meza zisizoguswa ni chache, na kwa nini meza nyingi sokoni zina sehemu zilizobadilishwa.

Aina kuu na jinsi zilivyoungwa

Meza za Kichina hugawanywa katika makundi mawili makubwa kwa kutazama miguu. Katika kundi la kwanza miguu imesogezwa ndani, ikiacha ncha mbili za uso wa meza zikining'inia. Katika kundi la pili miguu imekaa kwenye pembe nne kamili. Meza nyingi ndefu za madhabahu ni za kundi la kwanza.

Ndani ya kundi hilo kuna meza za ncha bapa na meza za ncha zilizoinuka, ziitwazo qiaotou'an. Ncha iliyoinuka ndiyo alama inayotambulika haraka zaidi. Katika kazi bora, mwinuko huo umechongwa kutoka kipande kimoja na ubao unaofunga mwisho wa uso. Katika kazi ya haraka umegandishwa kwa gundi au kupigiliwa misumari.

Aina ya tatu ni kabati la madhabahu, yaani meza yenye droo mbili au tatu, na chini ya droo kukiwa na nafasi iliyofungwa isiyo na mlango. Ili kuifikia nafasi hiyo, droo huchomolewa kwanza. Makabati haya yalitumika pia vyumbani kuhifadhia nguo na vitu vya thamani, na mara nyingi yalikuwa sehemu ya mali aliyokuja nayo bibi harusi.

Ubora wa meza unakaa katika viungo. Seremala wa Kichina alitegemea ulimi na tundu, akitumia gundi kidogo na kuepuka misumari. Katika kiungo kinachopatikana zaidi kwenye meza ndefu, kichwa cha mguu hupasuliwa katikati. Ubao wa pindo unaopita chini ya uso huingizwa kwenye mpasuko huo, kisha ndimi zilizobaki juu ya mguu huingia kwenye matundu ya uso wa meza. Uzito wa meza wenyewe hukaza kiungo. Uso wenyewe huwa ubao mmoja mnene, au fremu ya mbao nne yenye ubao mwembamba katikati. Ubao huo wa katikati huingia kwenye mfereji wa fremu na haukazwi kwa gundi, ili upanuke wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu bila kupasuka. Fundi wa leo anayejaza mfereji huo gundi kwa nia ya "kuimarisha" meza anaiandalia ufa.

Mbao na rangi zake

Mbao zinazotafutwa kuliko zote ni huanghuali, ya rangi ya asali hadi kahawia nyekundu, inayotokana na mti Dalbergia odorifera wa kisiwa cha Hainan, na zitan, nzito na nyeusi inayokaribia zambarau, inayotokana hasa na Pterocarpus santalinus wa kusini mwa India. Mbao ngumu ziliongezeka katika karakana za Ming baada ya serikali kulegeza marufuku ya biashara ya baharini mwaka 1567. Meza halisi za kale za mbao hizi ni adimu na zinauzwa kwa bei kubwa minadani, kwa hiyo zinaigwa sana.

Meza nyingi zilizomo nyumbani mwa watu ni za mbao za kawaida zaidi. Kaskazini, hasa Shanxi na Hebei, ilitumika mbao iitwayo yumu, yenye mistari mipana inayoonekana wazi. Kusini, karibu na Suzhou, ilitumika jumu, yenye mistari iliyopandana kama vilele vya milima. Kulikuwa pia na mbao za mkafuri, msonobari na mjozi. Mbao hizi si duni. Meza ya yumu iliyoungwa vizuri miaka 200 iliyopita ni nunuzi bora kuliko meza ya "huanghuali" isiyo na historia inayoaminika.

Meza za mbao za kawaida zilipakwa laka, yaani utomvu wa mti wa laka uliochujwa na kupakwa tabaka juu ya tabaka. Laka nyekundu na nyeusi zilitumika sana, na Fujian ilijulikana kwa nakshi zilizopakwa dhahabu. Laka ya kale hupata nyufa nyembamba na kupauka pale mikono ilipogusa zaidi. Kwa miongo mingi wafanyabiashara waliikwangua ili mbao ionekane, kwa sababu wanunuzi wa nchi za Magharibi walipenda mbao tupu. Sasa meza yenye laka yake ya asili ndiyo inayothaminiwa zaidi.

Kuna uhusiano wa kweli kati ya biashara ya fanicha za Kichina na misitu ya Afrika Mashariki na Kongo. Mpingo umo katika orodha rasmi ya China ya mbao zinazoruhusiwa kuuzwa kwa jina la hongmu, yaani mbao nyekundu za fanicha za hadhi. Mkurungu wa Tanzania, ambao Wazambia na Wakongo wanauita mukula, umevunwa kwa kasi kulisha soko hilohilo. Meza inayoitwa ya kale huku mbao yake ikiwa imetoka Afrika kwa wimbi hilo la biashara ni meza mpya, hata kama nakshi zake zinaiga za Ming.

Kukagua kabla ya kununua

Ukaguzi huanza chini ya meza. Sehemu ya juu husuguliwa, hupakwa nta na kung'arishwa ili ivutie, lakini sehemu ya chini hubaki na ushahidi. Katika Jumba la Makumbusho la Kasri la Beijing kuna meza ndefu ya ncha zilizoinuka, yenye urefu unaozidi mita tatu, ambayo maandishi yaliyochongwa chini ya uso wake yanaonyesha mwaka 1640. Meza chache zina tarehe namna hiyo, lakini kila meza ya kweli ina alama za umri upande huo.

Mambo ya kutazama ni haya:

Kwanza, rangi ya mbao isiyopakwa kitu. Mbao iliyokaa hewani kwa vizazi hubadilika polepole, huku sehemu zilizofichika zikitofautiana na zilizo wazi. Rangi inayofanana kila mahali, hasa ikitoka kwenye kitambaa chenye maji, ni dalili ya kupakwa juzi.

Pili, alama za zana. Patasi, randa na msumeno wa mkono huacha mikwaruzo isiyolingana. Mistari ya upinde inayofuatana kwa nafasi sawa ni alama ya msumeno wa mviringo wa mashine.

Tatu, miguu. Nyumba nyingi za jadi zilikuwa na sakafu ya matofali au mawe yenye unyevu, kwa hiyo nyayo za meza ya kale mara nyingi zimeliwa na maji na kupauka. Nyayo safi zenye pembe kali zinaonyesha kuwa miguu imekatwa, imeungwa kipande kipya, au meza ni mpya. Kimo kilicho chini ya sentimita 80 kinadai maelezo.

Nne, uwiano. Meza iliyokatwa ili itoshe nyumba ya kisasa huwa na miguu iliyo karibu mno na ncha, au nakshi iliyoishia katikati ya mchoro. Ubao wa pindo wenye joka kamili upande mmoja na mkia tu upande mwingine unasimulia kilichotokea.

Tano, ndoa ya vipande. Uso wa meza moja huwekwa juu ya miguu ya nyingine. Matundu yasiyo na ulimi, ndimi zisizojaza matundu, na mbao za aina mbili zenye uchakavu tofauti hufichua jambo hilo.

Sita, uchakavu wenye sababu. Ukingo wa mbele ulioguswa kila siku hulika kuliko ukingo wa nyuma ulioelekea ukutani. Madoa ya nta ya mishumaa na alama za moto wa ubani hukaa katikati na mbele ya uso. Uchakavu uliosambaa sawasawa hata sehemu ambazo mkono haufiki umetengenezwa kwa msasa na mnyororo.

Saba, wadudu. Matundu madogo yenye kingo zilizopauka ni ya zamani. Matundu yenye kingo safi na unga laini unaodondoka ni kazi ya bungua walio hai, na meza hiyo haifai kuingizwa nyumbani kabla ya kutibiwa.

Matengenezo ya zamani si dosari. Meza iliyotumika miaka 200 lazima iwe imeguswa na fundi. Linalotakiwa ni muuzaji aseme waziwazi kipi kimebadilishwa, na bei ilingane na ukweli huo. Stakabadhi iandikwe aina ya mbao, makadirio ya umri, mahali ilikotoka na matengenezo yote yanayojulikana.

Anayetaka kulizoesha jicho afanye hivyo kabla ya kwenda sokoni. Kitabu cha Gustav Ecke kilichotoka Beijing mwaka 1944 kilikuwa cha kwanza kuonyesha viungo vya fanicha hizi kwa michoro iliyopimwa. Wang Shixiang (1914–2009) alitoa katika miaka ya 1980 vitabu ambavyo hadi leo ndivyo msingi wa elimu hii, na fanicha alizokusanya zimo katika jumba la makumbusho la Shanghai. Minneapolis Institute of Art na Nelson-Atkins Museum ya Kansas City nchini Marekani zina mikusanyo mizuri inayoonekana bure mtandaoni.

Sheria na hati

Tangu mwaka 2007 kanuni za China zinakataza kabisa kutoa nje ya nchi vitu vya kale vilivyotengenezwa mwaka 1911 au kabla yake. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa meza ya Ming au Qing anahitaji ushahidi kwamba ilitoka China zamani: stakabadhi ya mnada, hati ya usafirishaji, au picha ya zamani ya nyumba ilimokuwamo. Muuzaji anayedai kuwa meza ya karne ya 18 imetoka kijijini China mwaka huu anauza bandia au anauza kitu kilichovushwa kwa magendo.

Sheria ya pili inahusu mbao. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka jenasi nzima ya Dalbergia chini ya udhibiti kuanzia tarehe 2 Januari 2017, ukiwamo mpingo. Pterocarpus santalinus ilikuwa imekwisha orodheshwa tangu miaka ya 1990, na mkurungu uliongezwa mwaka 2019. Meza ya mbao ya Dalbergia ikivuka mpaka kwa kawaida huhitaji kibali, na kwa meza ya kale hati ya kuthibitisha kuwa ilipatikana kabla ya mbao yake kuorodheshwa. Asiye na hati anaweza kuipoteza meza yake forodhani. Meza za yumu, jumu, msonobari na mkafuri hazimo katika orodha hizo, nayo ni sababu nyingine ya kuzipendelea.

Imani na heshima

Mtu wa dini nyingine anaweza kujiuliza kama inafaa kuweka sebuleni meza iliyotumika katika ibada. Katika desturi ya Kichina, uwepo wa miungu na mababu unahusishwa na sanamu, vibao na majivu ya chetezo. Sanamu huwekwa wakfu kwa ibada maalumu, na familia inapohama huchukua vibao na majivu yake. Meza ni fanicha inayovibeba. Mwenye nyumba aliyeshika dini yake ana haki ya kuona hilo linatosha au halitoshi, na ni vema aamue kabla ya kulipa. Kinachopaswa kuepukwa na kila mtu ni kununua vibao vyenye majina ya marehemu kwa ajili ya mapambo. Hivyo ni vitu vya ukoo wa watu wengine, na kuviweka karibu na chupa za vinywaji ni kuwavunjia heshima wafu wa watu.

Familia ya Kichina inayoishi ughaibuni na kuitumia meza kwa kazi yake ya asili inahitaji tahadhari ya moto. Chetezo kiwe kizito na kijazwe majivu au mchanga, kikae juu ya sinia, na pazia au karatasi visiwe juu yake. Mishumaa isiachwe ikiwaka chumba kikiwa kitupu. Dirisha lifunguliwe, kwa kuwa moshi wa ubani unaochomwa kila siku huchafua dari na hudhuru mapafu.

Kuiweka katika nyumba ya leo

Meza hii iliumbwa kwa ukuta, na ukuta ndio mahali pake bora hata leo. Ukuta unaoonekana kutoka mlangoni unaifaa kuliko kona. Kila upande uachwe nafasi ya angalau sentimita 30 ili ncha zilizoinuka zionekane dhidi ya ukuta mtupu. Mbele yake ibaki njia ya sentimita 90, ili watu wapite bila kugonga pembe.

Barazani au kwenye ukumbi wa kuingilia, meza nyembamba ya sentimita 35 hupokea taa, sinia la funguo na chombo cha maua. Sebuleni inaweza kukaa nyuma ya kochi lisiloegemea ukuta, iwapo mgongo wa kochi hauzidi kimo cha meza na iwapo upande wa nyuma wa meza umemalizwa vizuri. Meza nyingi zilichongwa nakshi upande wa mbele tu, kwa hiyo hili likaguliwe mapema. Katika chumba cha kulia hufaa kuwekea sahani na bakuli za kuandalia chakula, mradi vyombo vya moto viwekwe juu ya vibao. Kabati la madhabahu lenye droo ndilo linalofaa zaidi kwa nyumba ndogo, kwa kuwa linahifadhi vitu.

Matumizi mengine hayaifai. Kwa televisheni iko juu mno kwa mtu aliyekaa kwenye kochi. Kwa kulia chakula haitoshi upana, na kiti cha kawaida cha kimo cha sentimita 45 kinamweka mlaji chini sana. Kukata miguu ili ifae kazi hizo, au kutoboa uso ili kuweka sinki la kunawia, ni kuiharibu milele. Anayehitaji meza ya kazi hizo aagize mpya kwa seremala.

Vitu vya kuweka juu yake viwe vichache. Mpangilio wa kale wa vitu vitano unafundisha kanuni inayofaa hadi leo: kimoja kikuu katikati, jozi pembeni, na nafasi tupu kati yao. Picha moja pana au ndefu juu ya meza inatosha, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 20 hivi juu ya vitu vilivyopo. Nyumba za Waswahili za Lamu zilionyesha kauri za China katika zidaka za ukutani tangu zamani, na sahani au bakuli za aina hiyo zinakaa vizuri juu ya meza hii. Vitu vyenye chini ya kukwaruza vitandikwe kitambaa au ngozi. Kioo kisifunike uso wa meza, kwa sababu hunasa unyevu chini yake na kuacha madoa.

Kuitunza

Adui mkubwa wa mbao ya kale ni mabadiliko ya ghafla ya hewa. Unyevu wa asilimia 45 hadi 60 usiopanda na kushuka sana ndio unaofaa. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Unguja unyevu mara nyingi huzidi kiwango hicho, na hatari ni ukungu na bungua. Meza isogezwe sentimita tano kutoka ukutani ili hewa ipite, na ukuta wenye maji yanayopanda kutoka msingi uepukwe. Muscat na Dubai hatari ni kinyume chake: kiyoyozi kinachokausha hewa mchana kutwa hupasua uso wa meza. Huko meza isikae chini ya mkondo wa kiyoyozi, na chombo cha kuongeza unyevu chumbani husaidia. Ulaya na Kanada mahali pa kuepuka ni karibu na vipasha joto vya majira ya baridi. Kila mahali, jua la moja kwa moja hupausha mbao na kubambua laka.

Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu, au brashi laini kwenye nakshi. Mbao isiyo na laka inaweza kupakwa nta ya nyuki kiasi kidogo mara moja au mbili kwa mwaka na kusuguliwa hadi ikauke. Mafuta ya kupikia, mafuta ya kitani na vipulizio vya kung'arisha fanicha visitumike, kwa kuwa hunasa vumbi na kuifanya mbao iwe nyeusi. Laka ya kale isipakwe chochote. Ikianza kuinuka na kubanduka, aitwe mtaalamu wa uhifadhi.

Wakati wa kuhamisha, watu wawili au zaidi washike fremu iliyo chini ya uso, karibu na miguu. Ncha zilizoinuka zisishikwe kamwe, na meza isiburutwe, kwa sababu kuburuta hutikisa ndimi za miguu.

Kiungo kikilegea, fundi akitenganishe, akisafishe na kukirudisha kwa gundi ya wanyama inayoweza kuyeyushwa siku nyingine. Skrubu, vyuma vya pembe na gundi za kemikali huzuia mbao kucheza, na ufa hutokea pembeni mwake. Kusugua uso wote kwa msasa na kuupaka vanishi mpya huondoa kwa siku moja kile ambacho vizazi vilikiacha, na hakuna fundi anayeweza kukirudisha. Kwa meza ya kale, tengenezo lililo bora ni lile dogo kuliko yote linaloiwezesha meza kusimama imara na kuendelea kutumika.